Mwaka Ambao Dada Alikuwa Wakili

Siku vyombo vya jirani yetu Mama Nekesa vilipotolewa nje, alikuwa akiwaambia maofisa wa nyumba wa baraza la jiji wangoje kidogo, wakili wake yuko njiani. Wakili huyo alikuwa dada yangu Mwende, na Mwende alikuwa akisoma historia. Ninachokumbuka kwanza ni harufu. Jiko la mafuta ya taa lilipinduka mlangoni, mafuta yakatiririka hadi kwenye gunia la unga wa wimbi, na safu yetu yote ya nyumba pale Shauri Moyo ikanuka kama taa iliyozimwa vibaya. Upande wa soko la Gikomba mafundi wa mabati hawakuacha kugonga nyundo. Nilikuwa darasa la tano. Hadi leo nikinusa mafuta ya taa uso wangu hupata moto, naona haya kabla sijakumbuka sababu.

Sisi ni watu wa Ukambani. Baba alikuwa karani wa bohari huko viwandani, mtu wa kupiga shati lake pasi mwenyewe na kunyoosha viatu chini ya kitanda kama askari wa gwaride. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Mwende aliitwa chuo kikuu, msichana wa kwanza katika safu yetu, na Mama akapika pilau tukaila na majirani. Kanisani kwetu kulikuwa na desturi: Jumapili moja kabla ya masomo kuanza, vijana walioitwa chuoni walisimama mbele, kila mmoja na mzazi wake, mzazi akataja kile mtoto anachokwenda kusomea, halafu watu wakapiga makofi na mchungaji akaomba. Mwaka huo walisimama watatu. Mzazi wa kwanza alisema, "Udaktari," makofi yakatikisa madirisha. Wa pili akasema, "Uhandisi," na akina mama wakapiga vigelegele. Ikaja zamu ya Baba. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, nikamsikia vizuri. "Sheria," akasema. Makofi yakaja, mengi kuliko yote. Mwende alitazama viatu vyake.

Nyumbani Mama hakungoja kuvua kitambaa cha kichwa. "Baba Mwende, umesema nini pale mbele ya Mungu?"

"Nimesema chuo kikuu. Kwani chuo si ni kile kile?"

"Baba, mimi ni historia," Mwende akasema polepole.

"Historia! Hiyo hata nyanya yako anasimulia bure akichambua mbaazi. Nitasimama niwaambie watu mtoto wangu anaenda kusoma habari za waliokufa?" Kisha akacheka kidogo, kama mtu anayeomba msamaha bila kutaka kujulikana kwamba anauomba. "Yatapita tu. Watu husahau."

Watu hawakusahau. Likizo ya kwanza, vijana waliokaa kwenye ukuta wa mferejini, tulipoteka maji, walianza: "Wakili! Karao wakinishika leo, utanitoa?" Naye akawajibu, "Wewe ngoja ufungwe kwanza, tutazungumza," wakacheka, naye akacheka. Dada alikuwa na ulimi mwepesi, na mzaha huwa pazia zuri kwa siku chache. Lakini jioni wakaanza kuja watu wazima. Mmoja alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba huko Kitui, mwingine mkwe aliyekataa kurudisha baiskeli. Mwende aliwapa chai na maneno ya busara ambayo mtu yeyote angeweza kuyatoa, nao wakaondoka wakisema kweli elimu ni taa. Baba alikaa kwenye kiti chake, gazeti mbele ya uso, halijafunguliwa ukurasa wa pili.

Ndipo akaja Mama Nekesa. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu wa magharibi, muuza dagaa wa omena na mboga za kunde, aliyenibeba mgongoni Mama alipolazwa hospitali. Mumewe, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Sasa ilani ilikuwa imebandikwa mlangoni mwake: mpangaji ameaga dunia, nyumba irudishwe. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akavua leso mabegani na kuikunja magotini. "Mwanangu, mimi niliingia nyumba hii nikiwa na mimba ya Nekesa. Nimezika watu hapa, nimeozesha watu hapa. Wanasema jina langu halimo kwenye karatasi za nyumba. Niambie tu, kwa nini halimo?"

Nilimwona dada akifungua mdomo. Jambo lenyewe ndilo hili, na miaka mingi ilipita kabla sijalielewa: jibu alikuwa nalo. Muhula huo huo walikuwa wamefundishwa jinsi nyumba za kwanza za mitaa ya aina yetu zilivyokusudiwa mwanamume anayefanya kazi, na jinsi mke alivyohesabiwa kama mgeni ambaye kwao ni mashambani. Wajane wengine wawili katika safu zilizopakana nasi walikuwa wamekwisha kuhamishwa, kila mmoja kimya, kila mmoja akidhani ni bahati yake mbaya. Mwende angeweza kumwambia kwamba si bahati, ni mpango, na mpango una wenyewe wa kuulizwa. Lakini wakili haulizwi habari za zamani, huulizwa afanye nini kesho. Baba akakohoa nyuma ya gazeti. Dada akafunga mdomo, kisha akasema, "Mama, ngoja nikaangalie vitabu."

Mgeni alipotoka, Mwende alisimama mbele ya Baba. "Nimwambie ukweli, atafute wakili wa kweli mapema."

"Mwezi huu wananipigia kura ya uzee wa kanisa," Baba akasema. "Wakishapiga, mwambie. Ni siku chache tu, mama." Alimwita *mama* namna hiyo alipotaka kumlainisha, nasi tulizoea kulainika. Mwende akangoja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini nyumbani kwetu methali zilikuwa za kuwasema watu wengine.

Maofisa walikuja kabla ya kura. Mtoto wa jirani alitumwa kumwita wakili. Dada akatembea ule mwendo mfupi kutoka mlangoni kwetu, akasimama kati ya masufuria na godoro, mbele ya safu nzima, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mferejini, "Mimi si wakili. Nasoma historia." Mtu mmoja nyuma alicheka. Mama Nekesa alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu. Kisha akainama. "Haya," akasema. "Shika huo upande wa kitanda, mwanangu." Wakakibeba pamoja. Juma lililofuata alirudi kwao magharibi, nasi hatukumwona tena. Baba aliondoa jina lake kwenye kura, na Jumapili akaanza kukaa benchi la mwisho.

Siku hizi maghorofa yanapanda kila upande wa Eastlands, sehemu yetu ya jiji, lakini mtoto akisema anataka kusoma fasihi au falsafa, bado mzazi huuliza kwa sauti ile ile ya Baba itampeleka wapi. Swali si la kipumbavu. Tumbo halishibi historia. Hata hivyo mimi nimeona jinsi jibu lilivyokaa mdomoni mwa mtu bila kutoka kwa sababu tulilionea aibu. Kama wajane wale watatu wangeambiwa, wakaenda kwa diwani pamoja, je, Mama Nekesa angebaki? Mwende anasema huenda. Mimi sijui.

Mwende alifundisha historia shuleni hadi akastaafu, na sasa anarekodi kwa simu masimulizi ya wazee walioishi mitaa yetu. Mwezi uliopita tulikwenda kwa Baba, ambaye amezeeka huko Machakos na masikio yake bado ni mazuri. Alisimulia kwa furaha foleni ya maji, ngoma za Krismasi, wachuuzi na majina yao ya utani. Kisha Mwende akauliza, "Na mwaka ule wa Mama Nekesa, Baba?"

Baba aliitazama simu mezani. "Zima hiyo kitu."

Mwende akaizima. Baba hakuendelea, na hakutufukuza. Mwende amesema atarudi Pasaka. Baba hajasema kama atazungumza.