Kofi la Bariyeri

Juzi, kwenye bariyeri, kizuizi cha jeshi njia ya Ngagara, askari alinyoosha mkono apewe kitambulisho. Mbele yangu alisimama mama mshonaji wa Buyenzi, aliyepoteza jicho moja kwa guruneti. Akatikisa kichwa kushoto, kulia. Askari akamzaba kofi.

“Unanikatalia?”

“Apana, mwanangu. Jicho ni moja. Nikitembeza kichwa, kitu ya karibu inahama mbio, ya mbali inakawia. Ndiyo najua mukono wako uko wapi.”

“Basi kaa nyumbani!”

Mama akapangusa damu mdomoni. “Mi nikae? Na wenye kutupa maguruneti wanatembea?”

Ubongo wa mama huyu umejifundisha upya kupima umbali, bila msaada wa serikali. Mchango wa serikali ni hilo kofi.