Nyuzi za Sweta kwa Ajili ya Toazi

Sisi tuliosoma shule ya msingi Babati miaka ile ya shida, wakati mche wa sabuni unakatwa vipande na foleni ya duka la ushirika inapangwa kabla jua halijatoka, tulikuwa na bendi. Vijana wa sasa nikiwaambia wanadhani naongeza chumvi. Tulikuwa na ngoma kubwa moja, ngoma ndogo tatu, filimbi sita tulizopokezana mdomo kwa mdomo bila kuogopa mafua, na matoazi mawili ya shaba. Babati ilikuwa bado mkoa wa Arusha, na kitu kikivunjika ndiyo kimevunjika, hakuna wa kukuambia kingine utakipata wapi.

Toazi moja lilipasuka siku ya kufunga shule. Mpigaji wake aliteleza kwenye tope la uwanjani, likaangukia jiwe. Mwalimu Bura, aliyetufundisha hesabu na bendi, alilizungusha mkononi mara mbili tatu, akaenda kulitundika ofisini. Lile lililobaki alipitisha ukanda wa ngozi kwenye tundu lake la katikati, akalining'iniza kwenye miti mitatu ya mkaratusi iliyofungwa pamoja juu.

"Halitagonganishwa tena," alisema. "Litapigwa likiwa linaning'inia. Nataka mtu asiye na haraka. Paulina, wewe hata uji unakunywa kijiko kwa kijiko. Njoo."

Nilikuwa darasa la sita. Ndivyo nilivyokuwa mpiga toazi.

Wiki chache baada ya shule kufunguliwa kulikuwa na ibada kubwa uwanjani mjini, ya kuwakumbuka askari wa wilaya yetu ambao hawakurudi kutoka vitani. Bendi yetu ndiyo ilichaguliwa. Kwangu haikuwa habari ya mbali. Mjomba Yohana, kaka yake mama, alikuwa mmoja wao. Alikuwa akilima kijijini Singe, akaondoka na wenzake kwa lori, na kilichorudi kilikuwa barua.

Shida ilikuwa kirungu cha kupigia. Fimbo ya ngoma ilitoa sauti ya sufuria iliyodondoka jikoni. Gunzi la mahindi halikutoa kitu. Tulifunga tyubu ya baiskeli kwenye kijiti, toazi likalia kwa ukali na kukatika. Matambara yangefaa, lakini miaka ile matambara yote mazuri yalikuwa bado yanavaliwa.

"Kirungu kigumu kinalichapa toazi," Mwalimu Bura alituambia. "Mimi nataka liamke. Ndani kiwe kizito, nje kiwe laini. Tafuteni nyuzi za sufu." Alisema hivyo kama mtu anayetutuma dukani, na duka lenyewe lilikuwa na kiberiti na dawa ya viatu tu, wakati sisi wengine tulivaa katambuga za matairi na wengine hawakuvaa kitu.

Nyumbani kwetu Nangara sufu ilikuwa moja, sweta la mama la rangi ya damu ya mzee. Mjomba Yohana alimletea kabla hajaenda vitani. Mama alilivaa Jumapili, na asubuhi za baridi ya Juni. Siku moja alipokwenda shambani nililitoa sandukuni, nikaanzia upindo wa chini. Nilijiambia nafumua mistari miwili. Lakini uzi wa sweta ukishaanza kuachia una utamu wake, unavuta nao unakuja, na niliposhtuka sweta lilikuwa limepungua upana wa viganja viwili. Niliviringa uzi kwenye vijiti viwili, vikawa virungu vyangu, nikalikunja sweta vizuri kuliko lilivyokuwa, nikalirudisha chini kabisa.

Jumapili mama akalivaa. Akajivuta mbele, akajivuta nyuma.

"Paulina," akaniita. "Nani amenyoa sweta langu?"

Nilimweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, na fimbo ningeielewa. Yeye alilivua, akalikunja, akasema, "Kesho nitakuja shuleni." Ugali wa unga wa njano ulikuwa mgumu kumeza siku zote, lakini wa jioni ile ulinishinda.

Alikuja tukiwa mazoezini, sweta likiwa kwenye kikapu. Tuliacha kupiga, tukamwamkia. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Mwalimu, ni wewe uliyemtuma huyu afumue sweta la ndugu yangu?"

Mwalimu Bura aliangalia lile sweta, kisha virungu mikononi mwangu. Alikuwa mkali, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama Paulina, niliwaambia watafute nyuzi. Sikujiuliza watazitoa wapi. Kosa ni langu."

Mama aliweka kikapu chini. "Haya, nisikie basi zinafanya nini."

Nikasimama kama nilivyofundishwa, virungu viwili, kila kimoja upande wake wa toazi, karibu na ukingo, mbali na kile kinundu cha katikati. Unaligusa kwanza kidogo tu, lisishtuke. Halafu unapiga kwa kupokezana, kiwiko kimetulia, kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono. Sauti ikizidi usiikimbize, unaiacha ije. Nikavumisha mpaka ikajaa, nikalishika ukingo kwa vidole likanyamaza.

"Tena," mama alisema, ameinamisha kichwa. Nikarudia.

"Cha kulia kinasema tofauti na cha kushoto."

Ilikuwa kweli. Kimoja nilikuwa nimekikaza mno, na mwalimu mwenyewe hakuwa amegundua. Mama alikaa kwenye benchi, akavifungua vyote. Alikuwa mfumaji, mikono yake iliujua uzi. Akaviringa upya, ndani akikaza, nje akilegeza, kila mzunguko ukikata ule wa chini yake, akashona ncha kwa sindano. Uzi ukampungukia. Akalitoa sweta kikapuni, akashika ncha, akavuta mistari mingine miwili yeye mwenyewe. Bendi nzima tulisimama pale tukimwangalia.

Siku ya ibada kulikuwa na upepo kutoka Ziwa Babati. Mwalimu alikuwa amepanga hivi: majina yakishasomwa, filimbi zipige wimbo mmoja, zinyamaze, kisha toazi peke yake lianze chini kabisa lipande. Jina la mjomba lilisomwa katikati. Filimbi zikanyamaza, mwalimu akanyoosha mkono, na nikaona toazi linayumba, linakuja kwangu na kurudi. Ningepiga pale lingenigonga kirungu kwa kishindo mbele ya watu wote. Mkono wa mwalimu uko juu. Watu wanasubiri. Nikaweka vidole kwenye ukingo, nikalituliza mpaka likasimama, ndipo nikalianza.

Lilipanda polepole. Karibu na ngoma mzee mmoja alivua kofia. Nilimwona mama kati ya wazazi, sweta lake sasa likiishia juu ya kiuno. Wenzake walikuwa wanalia. Yeye alikuwa anaangalia mikono yangu.

Njiani kurudi alisema, "Ulichelewa."

"Lilikuwa linayumba, mama."

"Niliona. Ungeanza pale ungeharibu." Tukaenda kula makande. Sweta hakulizungumzia tena, na aliendelea kulivaa likiwa vile vile, fupi.

Siku hizi kanisani kwetu vijana wana ngoma zinazong'aa na matoazi manne, yote yamekaa kwenye vyuma vyake. Mpigaji wao, kijana mwenye adabu ambaye huniamkia kila Jumapili, anayachapa kwa mti mtupu tangu wimbo wa kuingia mpaka wa kutokea. Nikamweleza habari ya virungu laini. "Vipo, mama," akasema, akatoa simu, akaviagiza palepale. Baada ya siku mbili vikafika, vyeupe, ndani ya nailoni. Akajaribu mara moja, akakunja uso. "Mbona vinachelewa kulia?" Akarudia miti yake.

Nilimwomba nivishike. Vilikuwa sawa kabisa, uzito mmoja, ulaini mmoja, hata mama angevikagua asingepata pa kufungua. Nilivumisha kidogo kanisa likiwa tupu. Kisha nikamrudishia, nikamuuliza, "Wewe mwanangu, matoazi haya huwa unampigia nani?"

Akacheka. Alidhani namtania.