Samli ya Babu wa Mbulu

Siagi inapoanza kuungua kikaangoni, hukimbilia kufungua madirisha yote mpaka leo, na wanangu hunicheka. Wao hawakukulia ghorofani katika mtaa wa Flemingdon Park huku ughaibuni, madirisha yamefungwa msimu mzima wa baridi, na Bibi, mama yake baba, akichemsha samli tangu asubuhi. Harufu ile iliganda kwenye makoti, kwenye nywele, hata kwenye madaftari. Kwenye basi nilikuwa nikikaa peke yangu kwa aibu.

Sebuleni ilitundikwa picha ya baba yake Bibi, aliyefungua duka katika mji mdogo wa wakulima kule Mbulu. Kofia, masharubu yanayong'aa, uso wa mtu asiyekosea. Kila Idi baba mkubwa alimsifu huku akimung'unya mfupa: jinsi alivyonunua siagi chachu ya wafugaji, akaichemsha, akaichuja, akatajirika. "Kwa mikono yake mwenyewe!"

Idi moja, nikiwa na miaka tisa, Bibi aliweka kijiko chini.

"Mikono yake haikugusa sufuria hata siku moja. Aliyechemsha ni mama yangu."

Akasimulia bila kupandisha sauti. Siagi ililetwa kwenye vibuyu, imeota ukungu, ina nywele za ng'ombe na funza wanaotambaa. Mama yake aliwaopoa kwa vidole, akaenda kutapika uani, akarudi kuendelea. Siku moja, akiwa na mimba kubwa, sufuria ilimpindukia mapajani. Yowe lake lilifika sokoni. Mumewe akaja mbio.

"Nikadhani anakuja kumwinua," Bibi alisema. "Akanipa upawa mimi. 'Izoe upesi, isije ikanywewa na udongo!' Nilikuwa mdogo kuliko huyu." Akaninyooshea kidole. "Nikaizoa, na ngozi ya mama yangu imo ndani."

Kiswahili nilikielewa ila kukizungumza sikuweza, nikauliza kwa Kiingereza kama waliimwaga.

"Kuimwaga? Ilichujwa tena, ikauzwa. Na wateja wakaisifu."

"Mama, watu wanakula," baba mkubwa alinung'unika, kisha akaomba asogezewe kachumbari.

Nilikimbilia msalani nikatapika kila kitu. Niliporudi, walikuwa wameshahamia kwenye tambi za sukari, wanazungumzia bei za nyumba mtaa wa Agincourt.

Kwa miaka mingi kinyaa changu kilikuwa kwa yule mwenye kofia. Kule kubadilisha mazungumzo mezani nilikuchukulia kuwa ni mshtuko. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza baba walijisikiaje siku ile.

"Siku ipi?" alishangaa. "Bibi yako alitusimulia hayo tangu tuko wadogo."

Ndipo nikaelewa. Pale mezani ni mimi tu niliyekuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Wengine wote walijua, na kila Idi walimsifu yule mzee vilevile, Bibi akiwa ameketi hapohapo anawapakulia.