Pilau ya Msiba wa Mwigizaji

Jana nilimpa lifti mwenzangu wa kazini, naye alikuwa na hotpoti la pilau mapajani. Nilifungua madirisha yote na baridi yote ile. Sikumwambia sababu.

Nilipokuwa mtoto, mama alimtunza bibi mmoja wa Kizungu huko ughaibuni, mjini Greenbelt. Bibi huyo alianza utotoni kwenye filamu bubu, kisha akaigiza jukwaani mpaka uzee ukamkalisha. Jumamosi mama alikwenda nami kazini, maana hakuwa na mtu wa kuniacha naye. Bibi alinukia poda, na alinifundisha jinsi waigizaji walivyolia enzi zile: inua kidevu kwenye mwanga, macho wazi, mdomo usitikisike.

Bibi alipofariki, mama alijifunga kanga, akapika pilau sufuria nzima ili tukakae na wafiwa, kama ilivyo kwetu.

"Tupige simu kwanza," nikamwambia kwa Kiingereza.

"Msiba hauna mwaliko," akajibu.

Mwana wa bibi, naye mzee wa mvi, alifungua mlango nusu. Nyuma yake hapakuwa na mtu, wala kiti kilichosogezwa.

"Kazi yako iliisha jana," alisema. "Kama umeleta ufunguo, sawa."

Mama alimpa ufunguo, akampa na pole. Pilau hakuipokea. Alisema hawakuagiza chakula.

Tulirudi garini, sufuria ikiniunguza mapaja. Mama hakuwasha gari. Aliinua kidevu kwenye mwanga, macho wazi, na mdomo wake haukutikisika.