Matawi ya Kocha Mpya

Juzi nilimpeleka mwanangu kwenye uwanja wa mpira wa Mamboleo, tukakuta mashabiki wamembeba kocha mpya mabegani, wakipunga matawi na kupuliza filimbi. Harufu ya majani mabichi ikanirudisha kwenye alasiri moja ya zamani.

Nilikuwa nimekaa mabegani mwa Baba, na timu yetu ilikuwa mkiani. Matawi kama yale nilikuwa nimeyaona matangani tu, watu wakikimbia nayo kufukuza kifo. Basi nilipoona mtu mwenye suti amebebwa juu, na wanaume wazima wakitokwa na machozi, nikauliza, "Baba, huyu amekufa lini?"

Baba alicheka hadi nikayumba. "Hajakufa, nyathina, mwanangu. Huyu ndio kocha mpya. Amekuja kutuokoa."

Kocha alinipungia mkono. Kwa mkono mwingine aling'ang'ania shati la aliyembeba, nami nikadhani anaogopa kuanguka.

Tulipofungwa mechi ya tano, watu walienda na matawi mpaka kwenye lango la nyumba ya kocha, safari hii ili wamchape nayo. Baba alirudi kutoka huko jioni, shati limechanika, akanawa mikono muda mrefu.

Juzi mwanangu naye alinivuta shati. "Baba, hii ni matanga?"

Nikamtazama kocha akitabasamu kule juu.

"Bado," nikamwambia.