Mlinzi wa Kipindi cha Baiolojia

Mwalimu wa taaluma alinipigia simu nikiwa kazini, masjala, Kibaha, mafaili yamenizunguka pande zote, akaniambia kwa upole mwingi kwamba binti yangu ameonekana anaibia kwenye jaribio. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijawahi kukasirika kama siku ile. Nilimuuliza anaibiaje, na yeye yuko kijijini Vihingo kwa bibi yake, mguu umefungwa hogo la plasta kutoka pajani mpaka kwenye kifundo, hata maji ya kunywa anasogezewa.

"Ndiyo hapo, mama," akasema. "Kuna mtu anamsaidia."

Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Aliteleza kwenye ngazi za shule, mguu ukavunjika, na daktari akasema miezi miwili bila kuukanyagia. Mimi na yeye tunaishi wawili tu Maili Moja. Asubuhi natoka, jioni narudi, nani angemkalia mchana kutwa? Nikampeleka kwa mama yangu, pamoja na simu yangu kubwa, mimi nikabaki na kitochi.

Shule ilikuwa na vipindi vya moja kwa moja mtandaoni kwa watoto waliokwama nyumbani kwa sababu mbalimbali. Walikuwa kumi na wawili. Kipindi kilianza saa nane mchana. Kabla ya hapo mwalimu alituma linki kwenye kundi, mtoto akaibonyeza, akasubiri kidogo mpaka akubaliwe kuingia, kisha akamwona mwalimu amesimama mbele ya ubao wake kule shuleni, na wenzake wamejipanga kwenye vidirisha vidogo juu ya kioo. Maiki za wanafunzi zilizimwa, la sivyo ungesikia majogoo ya Mkoa wa Pwani wote. Mwenye swali alibonyeza alama ya mkono, au aliandika pembeni. Mimi nilidhani mtoto anaangalia tu kama anavyoangalia tamthilia. Kumbe mwalimu anaita jina lako ghafla, unawasha maiki, unajibu, na ukinyamaza anajua umelala.

Siku ya jaribio sheria zilikaza. Kamera iwe wazi muda wote, na chumbani asiwepo mtu mwingine. Swali lilitokea kwenye kioo na majibu manne, A mpaka D, na mtoto alimwandikia mwalimu herufi moja bila wenzake kuiona. Maswali yalikuwa yaleyale waliyofanya wenzao darasani asubuhi.

Sasa, kwa mama yangu chumbani lazima awepo mtu mwingine. Mtoto wa kike hakai ndani na mwanamume mgeni bila mtu mzima. Nilipokuwa msichana alikuja bwana shamba kuandika mikorosho yetu, akanikuta mimi barazani. Mama alitoka jikoni na ungo wa mchele, akakaa katikati yetu, akachambua mchele ule ule mpaka bwana shamba akaaga. Mwalimu wa baiolojia alikuwa kijana, tena mtanashati, na alikuwa anaingia sebuleni kwake kila Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Kwamba anaingia kwa simu, kwa mama hiyo haikubadilisha kitu. Mwanamume ni mwanamume.

Kwa hiyo kila ikifika saa nane mama alijitanda khanga safi, akatandika mkeka nyuma ya kiti cha mjukuu wake, akakaa akimtazama mwalimu. Binti yangu alinisimulia kwenye simu akicheka mpaka anakohoa.

"Mama, bibi anamkodolea macho ticha mpaka ticha anasahau alichokuwa anasema!"

Nami nikacheka. Niliona ni jambo zuri, mtoto hatachezea simu. Haikunijia kabisa kwamba mwalimu naye anamwona mama.

Na alichokiona ndicho kilichotuponza. Baada ya swala ya adhuhuri mama ana uradi wake mrefu, na hatumii tasbihi. Anahesabu kwa pingili za vidole: kidole gumba kinapita kwenye kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kisha kinarudi, na midomo inacheza bila sauti. Siku za kawaida mwalimu hakujali. Siku ya jaribio alimwona bibi nyuma ya mtoto, midomo inacheza, vidole vinahesabu moja mpaka nne kama A mpaka D, swali baada ya swali, na mtoto anaweza kumwona kwenye kidirisha chake mwenyewe, na mtoto huyo akapata kumi na tisa kati ya ishirini. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, ningeamini vilevile. Lakini siku ile sikutaka kuwaza hivyo, nilitaka kugombana.

"Yule ni mama yangu," nikamwambia mwalimu wa taaluma, "na anamtaja Mungu!"

"Sibishi, mama. Lakini majibu ya darasani yalikuwa yameshazagaa kwenye simu za watoto. Mtu akiwa na karatasi yenye herufi ishirini, inatosha."

Akanieleza kilichofuata. Jaribio lile litafutwa, na majaribio yote aliyofanyia Vihingo yatatiliwa shaka. Yakifutwa yote, mtoto atakosa alama za mwaka, na atarudia kidato cha pili. Nilipoomba apewe jaribio jingine, akakubali: kesho yake saa nane, mwanzoni mwa kipindi, maswali mapya. Ila akionekana mtu chumbani, hata mimi mzazi, basi.

Nilikuwa na jibu moja ambalo lingemaliza maneno yote palepale, na nililimeza. Mama yangu hajui kusoma. Msahafu anausoma vizuri sana, lakini hizi herufi za shule hazijui hata moja. Kwetu hilo halisemwi. Barua ikija, moshi umemharibu macho. Kwa wakala wa kutuma pesa, amesahau miwani, na miwani hajawahi kuwa nayo. Sisi watoto wake tulikua tukimsomea kila kitu bila kuombwa, na hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini. Nilikata simu nikajiambia nitamwomba tu atoke nje nusu saa. Ni jambo dogo.

Nikaomba ruhusa, kesho yake saa nne asubuhi nikawa Vihingo. Mama alikuwa anachambua kisamvu. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamalizia na ombi langu.

"Mwanamume yuko ndani na mjukuu wangu, mie nitoke?"

"Mama, hayuko ndani. Yuko Kibaha, shuleni."

"Anamwona, hamwoni?"

"Anamwona."

"Basi yuko ndani."

Nilimbembeleza, nikapandisha sauti, nikaomba radhi kwa kupandisha sauti, nikaanza upya. Nilimwambia mtoto atarudia mwaka. Akasema mwalimu huyo kama ana adabu atamruhusu bibi akae, na kama hana adabu ndiyo sababu zaidi ya yeye kukaa. Binti yangu, kwenye kiti chake, mguu juu ya stuli, hakucheka tena. Alikuwa ameshika madaftari yake mapajani, na nilipomtazama alikwepa macho yangu. Alikuwa ameyasoma yale madaftari peke yake wiki tano, katika joto lile, bila kukanyaga darasani.

Saa nane kasoro kidogo linki ikaja. Wenzake waliingia mmoja mmoja, na mwalimu wa baiolojia akawaomba watulie, mwenzao ana jaribio kwanza. Mimi nilisimama nje ya mlango, pembeni, kamera isinione. Mama alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wake.

"Nilisema asiwepo mtu," mwalimu akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka malezi yake, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mie ndiye mwenye nyumba. Huyu msichana simwachi na mwanamume."

Mwalimu alibabaika. Akaeleza kwa heshima kwamba hana nia mbaya, ni utaratibu wa shule.

"Mnasema namwambia majibu," mama akasema. "Mie hicho Kiingereza sikijui."

Nikashusha pumzi. Ingeishia hapo, pangekuwa pazuri. Wazee wangapi hawajui Kiingereza?

"Naamini, bibi. Lakini hapa majibu ni herufi tu. Hata asiyejua Kiingereza anaweza kusoma herufi kwenye karatasi."

Niliuona mgongo wa mama ukinyooka. Ningeweza kuingia nikaikata ile simu, na mkono wangu ulishafika kwenye pazia la mlango.

"Sizijui," akasema. "Herufi hizo sizijui, mwanangu. Sikupelekwa shule. Ukinipa karatasi hiyo sasa hivi sitajua hata kama nimeishika juu chini. Muulize binti yangu, yuko hapo mlangoni kajificha."

Watoto kumi na mmoja walikuwa wanasikiliza. Mwalimu wa watu alikuwa anasikiliza. Mjukuu wake, ambaye alikuwa hajui, aligeuka akamtazama, kisha akageukia kioo haraka. Mimi nilitoka nyuma ya pazia nikasema, "Ni kweli, mwalimu."

"Nimekuelewa, bibi," mwalimu akasema. "Kaa hapohapo. Tuanze."

Maswali ishirini. Mama aliificha mikono yake chini ya khanga na kuifumba midomo kabisa, amekaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Binti yangu aliandika herufi, akasubiri, akaandika. Sikujua kama anapata au anakosa. Nilijua tu kwamba hatazami nyuma.

"Kumi na nane," mwalimu akasema mwishoni. "Alama zako zote zinabaki. Na lile jaribio la juzi nalirudisha mwenyewe." Akafungua maiki za wenzake, na nyumba ikajaa makofi, na mtoto mmoja akapaza sauti, "Shikamoo, bibi!" Wengine wote wakadakia. Mama aliwaitikia mmoja mmoja, hakumruka hata mmoja.

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini pale mlangoni. Moyo ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu siku mtoto alipoanguka. Harudii mwaka. Nililisema hilo kimoyomoyo mara kadhaa ili nilizoee.

Kipindi kilipoisha nilimfuata mama jikoni. Nilitaka kumpa pole, sijui hata kwa maneno gani. Nikamwambia, "Mama, hukulazimika kusema vile mbele ya watu."

Alikuwa anakoroga kisamvu, hakugeuka.

"Wewe ulikuwa unajua, siyo?"

"Nilikuwa najua."

"Jana walipokupigia, mbona hukuwaambia?"

"Nilikuwa nakusitiri, mama."

"Ukanisitiri mie," akasema, "ukamwanika mtoto."

Hakusema kwa hasira. Nililia kidogo, nadhani kwa faraja zaidi kuliko aibu, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akanipa mwiko, akaniambia nimpakulie mtoto kwanza, maana ametoka kwenye mtihani na tangu asubuhi hajala.