Mkweche wa Salfo na Safari ya Titao

Siku ile pale stendi ya Ouahigouya abiria walikuwa adimu, na gari la kwanza kwenye foleni lilikuwa halijajaa hata nusu. Madereva walikaa kwenye benchi la muuza kahawa, wakaanza kushindana nani aliwahi kumiliki gari bovu kuliko wenzake. Mmoja akasema honi ya lake ililia kila alipokata kona ya kushoto, na hakuna fundi aliyeweza kuinyamazisha, kwa hiyo mwaka mzima alizunguka mji kwa kukata kulia tu. Mwingine akaapa kwamba lake lilikuwa na mlango mmoja unaofunguka, wa nyuma, na abiria walishukia huko kama kondoo.

"Hayo bado magari," akasema wa tatu. "Muulizeni Salfo."

Salfo Belem alikuwa mkubwa wao kwa umri, mtu mrefu mwenye kovu la panga kwenye muundi. Kila mtu pale stendi aliujua mkweche wake wa zamani, ule ulioandikwa nyuma kwa rangi nyekundu "Mungu Atatoa".

"Tuambie, mzee. Ulikuwa ukitoa nini?"

"Moshi," akasema Salfo. "Na jasho la abiria. Kuna babu mmoja alidai nimrudishie nusu ya nauli, kwa sababu nusu ya njia alikuwa nyuma anasukuma."

"Ukamrudishia?"

"Nilimrudishia. Alikuwa na haki yake."

Benchi zima likacheka, na Salfo akacheka nao. Akawasimulia habari ya gia ya pili iliyokuwa ikichomoka, na jiwe alilobeba miguuni kwa ajili ya breki. Habari ya safari ya Titao hakuigusa. Hiyo hakuwahi kumsimulia mtu.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, Salfo alikwenda Kodivaa kulima kakao ya watu. Alikaa miaka kumi na mmoja. Aliporudi kijijini kwao, upande wa kusini wa Ouahigouya, alikuwa na fedha za kununua kitu kimoja kikubwa, kimoja tu. Mkewe Alizeta alimwomba anunue mashine ya kusaga nafaka.

"Mashine inakaa pale unapoiweka," Alizeta alimwambia. "Haiwezi kukuacha njiani."

Lakini Salfo alikuwa ameota usukani miaka yote ile akipalilia chini ya mikakao. Akaenda mji mkuu, akanunua gari la safu tatu za viti, la kubeba abiria tisa, kutoka kwa mtu aliyemwapia kwa roho ya mama yake. Alilifikisha kijijini saa nane mchana. Mama yake, Tempoko, ambaye macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, alitoka uani akanyoosha mikono. Akalipapasa gari lote, tangu taa za mbele mpaka buti, taratibu, kama anayemtambua mgeni.

"Sasa nitakwenda kumwona Sibdou," akasema.

Sibdou alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa Titao, upande wa pili wa Ouahigouya. Tangu Tempoko apoteze macho, yapata miaka tisa, ndugu hao wawili hawakuwa wameshikana mikono. Salamu zilipitia kwa wafanyabiashara wa vitunguu. Na tangu siku gari lilipofika, kila aliyejitolea kumpeleka Titao alijibiwa jibu moja: "Mwanangu ana gari."

Gari lilifanya kazi wiki tatu. Baada ya hapo likaanza kuchemsha, kisha stata ikafa, kisha likawa linakula mafuta ya injini kama mtu anayekula uji. Fundi wa Salfo alikuwa Toé, Msamo mwenye karakana chini ya mabati mawili kando ya soko la Ouahigouya. Wasamo na Wamosi, kabila la Salfo, ni watani tangu enzi za mababu, na Toé hakumwachia Salfo nafasi.

"Mtumwa wangu kafika," alikuwa akipaza sauti karakana nzima isikie. "Leo umekuja kwa gari au gari limekuja kwako?"

"Nyamaza, mla mbwa. Tazama hiyo radieta."

"Naitazama. Nayo inanitazama. Wote wawili tunakuonea huruma."

Ulipofika ule mwaka faranga iliposhushwa thamani, vipuri vikawa havishikiki. Alizeta aliuza mbuzi wake, akauza pia siagi ya kokwa za karite aliyoikusudia kununulia nguo za watoto. Gari likawa linatembea siku mbili na kulala kumi. Watu wa kijijini, ambao mwanzoni walimwita Salfo "patroni", wakaanza kuondoka alfajiri kwa miguu siku za soko, wakipita mbele ya ua wake bila kutazama upande huo, ili wasimwaibishe.

Mara ya kwanza walipojaribu kwenda Titao, maji ya radieta yaliruka kabla hawajafika hata Ouahigouya, na Tempoko akarudishwa kwa mkokoteni wa punda. Mara ya pili, baada ya mavuno, giaboksi ilikatika vijiji viwili mbele ya hapo. Mama alikaa ndani ya gari kutwa, mapajani amepakata kibuyu cha soumbala, kiungo cha mchuzi, aliyoitengeneza kwa mikono yake, kwa kuwa Sibdou alipenda soumbala ya nyumbani kwao na hakuna mtu Titao aliyeijua kuitia majivu sawasawa. Hakulalamika. Alisema tu kwamba soumbala haiozi.

Kisha muuza vitunguu akaleta habari: Sibdou hamezi chakula, anakunywa maji kwa kijiko, anamtaka dada yake.

Salfo alimleta mama yake mpaka karakana ya Toé asubuhi ya siku iliyofuata. Toé alifungua boneti, akasikiliza injini kwa muda, akaifunga. Safari hii hakutania.

"Salfo. Mpandishe mama kwenye gari la mtu. Hili halijapona."

"Kabureta umeifunga juzi."

"Nimeifunga. Sijaifufua. Stendi iko pale, mita mia mbili. Mpeleke."

Salfo alimtazama mama yake, amekaa kiti cha mbele na kitambaa kipya kichwani, kibuyu mapajani, akitabasamu kuelekea asikokuona. Alifikiria jinsi atakavyomwambia ashuke, ampandishe katika gari la mtu mwingine mbele ya stendi nzima. Hakuweza.

"Litafika," akasema.

Toé akashusha pumzi, akatupa spana zake kwenye mfuko, akaingia nyuma.

Lilizima mara ya kwanza wakiwa bado wanayaona mabati ya mji. Lilizima mara ya pili kwenye mchanga. Mara ya tatu lilizima mahali ambapo hapakuwa na kitu ila upepo na vumbi jekundu. Toé alilala chini ya gari. Ndipo likatokea gari jingine, zima, likielekea Titao, likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa.

"Nina nafasi moja hapa mbele! Mleteni mama!"

Toé akachomoza kichwa kutoka uvunguni, akamtazama Salfo. Upepo ulikuwa mkali, na mama alikuwa amejifunika kitambaa usoni kuzuia vumbi.

"Dakika kumi tu," Salfo akamjibu yule dereva. "Tunamalizia. Asante, ndugu."

Gari likaondoka. Dakika kumi zikawa muda wa saa sita.

Walifika Titao baada ya sala ya alasiri. Sibdou alikuwa amezikwa adhuhuri.

Wanawake walimshika Tempoko mkono, wakamwingiza chumbani kwa marehemu. Akaupapasa mkeka, akaupapasa mto, akakaa. Baadaye akamkabidhi binti mkubwa wa Sibdou kibuyu cha soumbala.

"Aliniulizia?" akauliza.

"Tangu asubuhi, mama mkubwa," binti akajibu, naye hakujua anachokisema kinamwangukia nani. "Kila gari likipita alikuwa anasema, hilo ni la Salfo. Tunamwambia silo. Analisikiliza la pili."

Salfo alikuwa amesimama mlangoni. Akatoka nje. Toé alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kofia mkononi. Kwa haki ya utani angeweza siku ile kumwiga marehemu, kudai nyama, kuwachekesha wafiwa mpaka walie kwa kicheko, na hakuna ambaye angekasirika. Wengine hata walimtazama wakimsubiri aanze. Yeye aliigeuzageuza kofia yake tu.

Walipoaga, gari likakataa kuwaka. Salfo alizungusha ufunguo mara nane, tisa. Ndipo wanaume waliotoka kuzika, wengine udongo wa kaburi bado uko kwenye kanzu zao, wakaja nyuma ya gari bila kuambiwa, wakaweka mikono, wakasukuma. Walisukuma mpaka mwisho wa kijiji. Hakuna aliyecheka.

Karibu na Ouahigouya ndipo Tempoko akauliza:

"Lile gari lililosimama pale tulipokwama, lilikuwa linakwenda wapi?"

Salfo alishika usukani kwa mikono miwili.

"Lilikuwa linarudi mjini, mama."

"Haya," akasema Tempoko.

Nyuma, Toé aligeuza uso kuelekea dirishani. Salfo hakujua kama mama alimwamini. Hakujua siku ile, wala baadaye.

Gari aliliuza mwaka uleule kwa wafua vyuma wanaoyeyusha injini kutengeneza sufuria. Walilivunjavunja palepale uani kwa nyundo, siku mbili. Yeye akaajiriwa kuendesha gari la tajiri mmoja wa mjini, gari jipya, la njia ya Titao. Alizeta aliendelea kutwanga mtama kwa mchi. Hakuwahi kuitaja tena ile mashine ya kusaga, na Salfo angefurahi kama angeitaja, walau siku moja kwa hasira.

Mjukuu wa Sibdou alipoolewa, Salfo alikuja kumwambia mama yake kwamba amemtengea kiti cha mbele, na gari ni zima, halina tatizo lolote.

"Nenda salama," akasema Tempoko. "Mimi nimeshazoea kukaa."

Alifariki msimu wa njaa, kabla mtama haujachanua. Habari zilimfikia Salfo akiwa stendi. Akawashusha abiria, akawaomba radhi, akaelekea kijijini peke yake. Injini haikukohoa hata mara moja. Alifika mapema mno, maji ya kumwoshea bado hayajachotwa, akakaa mlangoni akisubiri.